Bankambo wa Mji wa Shaba: Kumbukumbu na Nasaba katika Vocabulaire ya André Yav

Utangulizi

Tahakiki za fasihi ya Kiswahili zinapogusia suala la kumbukumbu na asili ya ukoo, aghalabu huelekea pwani. Huko kuna Tarekhe ya Pate, inayohesabu masultani kwa zamu zao. Kuna Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, ambazo ingawa ni za Usambara zilitungwa na mtu wa pwani. Kuna pia tenzi ambazo watunzi wake huzifunga kwa kutaja jina, baba na mji. Katika matini hizo ukoo una makaburi, una nyumba, na una mzee anayeweza kuulizwa. Mji wa migodi huanza bila lolote kati ya hayo. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifikiwa na reli kutoka kusini mwaka 1910. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuri lililowashwa kwa makaa ya mawe ya Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Baadaye Katanga ilichimba makaa yake yenyewe huko Luena, kaskazini-magharibi mwa mji huo. Kwa hiyo mji ulikuwa na tanuri kabla ya kuwa na mzee hata mmoja aliyezaliwa ndani yake.

Hata hivyo, mwaka 1965 mji huo ulijiandikia historia, na ukaiandika kwa Kiswahili. André Yav, aliyekuwa zamani mtumishi wa nyumbani, alitunga kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani matini aliyoipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Matini hiyo ilipigwa taipu na kurudufiwa, ikapita mikononi mwa watu wachache, na huenda ingepotea kama isingemfikia Johannes Fabian. Mwanaanthropolojia huyo aliihariri na kuifasiri kwa msaada wa Kalundi Mango, ikatoka Amsterdam mwaka 1990 pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Tangu hapo wanahistoria wameitumia kama ushahidi, nao wanaisimu wameitumia kama sampuli. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa wa Afrika Mashariki, wameipita kimya.

Makala haya yanadai kwamba kimya hicho si cha haki. Vocabulaire ni kazi ya fasihi ya Kiswahili yenye umbo lake na hoja yake. Hoja yenyewe, ambayo ni jinsi mtu anavyojipatia bankambo mahali ambapo hakuwa nao, inamhusu msomaji wa Kesses kuliko anavyoweza kudhani. Nkambo, katika Kiswahili cha Katanga, ni babu au bibi. Bankambo ni wahenga. Neno hilo halimo katika kamusi zetu, na hiyo ni sehemu ya tatizo litakalojadiliwa hapa.

Kambi na watu wake

Umbo la matini hii haliwezi kueleweka bila kuielewa kambi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miongo yake ya kwanza iliwategemea vibarua wa muda, ambao wengi wao walifariki kwa maradhi na wengine wengi wakatoroka. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili sera. Badala ya kumleta mwanamume peke yake kwa miezi michache, ilimleta pamoja na mkewe kwa mkataba wa miaka, ikawapa nyumba kambini, posho iliyopimwa kwa idadi ya watoto, zahanati, na shule iliyosimamiwa na wamisionari. Watu hao walitoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na kwingineko. Uzazi wenyewe ukaingia katika hesabu za kampuni, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kambini alitarajiwa kuwa mfanyakazi asiyehitaji kutafutwa mbali.

Kiswahili kilikuwa lugha ya mpango huo. Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakiwezi kuelezwa kwa misafara ya Tippu Tip na wenzake peke yake. Sera ya kazi na elimu ndiyo iliyokitia nguvu. Pamoja na hayo, sera haitoshi kueleza yaliyofuata. Mtoto wa baba Mluba na mama Mbemba hakukipokea Kiswahili kama amri ya ofisi. Alikipokea kama lugha ya mamake. Katika kizazi kimoja lugha ya kuamrishana kazini ikageuka kuwa lugha ya kubembelezea mtoto. Mabadiliko hayo ni makubwa, nayo hayakuandikwa katika ripoti yoyote ya kampuni. Yav ni mmoja wa wachache walioyaandikia kutoka ndani.

Nasaba ya mabwana

Yav hakuwa mchimbaji. Hili ni jambo ambalo wasomaji wa haraka hulisahau, kwa sababu mji wa shaba huleta picha ya mtu mwenye kofia ya chuma na nyundo. Yeye na wenzake waliomtuma walikuwa maboyi: wapishi, wafuaji, walinda watoto, wapangusa meza. Mchimbaji aliiona kampuni kupitia nyapara. Boyi aliiona kampuni ikiwa imevua viatu. Alijua nani anamtembelea nani, bwana yupi ameitwa Ulaya ghafla, na mume na mke wa Kizungu wananuniana kwa ajili gani. Mlango wa jikoni ndio uliomfundisha historia, na historia iliyofunzwa hapo haina budi kuwa na mwelekeo wake: hujua mengi juu ya watu na machache juu ya mikataba.

Muundo wa Vocabulaire unafuata safu ya wakubwa. Wafalme wa Ubelgiji wamo, kampuni zimo, mabwana wa nyumba wamo, na vita na matukio ya mji yamepangwa kwa kuwafuata hao. Msomaji aliyezoea Tarekhe ya Pate atautambua muundo huu papo hapo. Tarekhe husema fulani alitawala, akafa, akashika fulani; matukio huning'inia kwenye kamba ya urithi. Yav amechukua kamba hiyo hiyo, au ile inayofanana nayo, akabadili kinachorithiwa. Anayehesabiwa si aliyezaa bali aliyeajiri. Haijulikani kama Yav aliwahi kusikia juu ya tarekhe za pwani, wala si lazima ithibitishwe. Kilicho wazi ni kwamba mahali ambapo hapakuwa na nasaba ya damu ya kuutegemeza mji, mtunzi alitumia nasaba ya utumishi, na ndani ya nasaba hiyo akapandisha nasaba ya pili kimyakimya: ile ya maboyi wenyewe, waliotangulia na waliofuata. Hao waliotangulia ndio bankambo wake. Ni wahenga kwa sababu walivumilia kazi na mji huo mapema, na uhusiano wa tumbo moja si sharti.

Jina la kitabu limewatatiza wengi. Vocabulaire maana yake ni msamiati, ilhali msomaji anayetafuta orodha ya maneno na maana zake ataambulia masimulizi. Makala haya yanapendekeza maelezo yafuatayo. Enzi za ukoloni zilijaa vijitabu vya msamiati vilivyotungwa ili kumwezesha Mzungu kumwamuru mtumishi: leta maji, fungua mlango, kesho njoo mapema. Kijitabu kama hicho ni fasihi ya bwana kwa maana kamili, kwa kuwa ndani yake boyi hana sentensi isipokuwa ya kujibu. Aliyekuwa boyi anapochukua jina la utanzu huo na kuliweka juu ya historia ya mji kwa lugha yake, hata kama hakukusudia kejeli, kejeli imekwisha kuwapo. Kuna na jambo la majina. Katika Kongo yote Wazungu walipewa na Waafrika majina yao ya pembeni, mengine ya heshima, mengi ya dhihaka, na mwenye jina mara nyingi hakujua maana yake. Majina ya namna hiyo ndiyo msamiati halisi wa mji. Anayeyajua ni mwenyeji. Asiyeyajua, hata akiwa mkurugenzi, ni mgeni. Wakazi wa Eldoret wanaouita mji wao Sisibo, kwa kulikunja kinywani jina la shamba nambari 64 la walowezi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Nafsi ya usimulizi nayo inastahili kuangaliwa. Tawasifu ya Kiswahili inayosomwa zaidi vyuoni ni Maisha Yangu ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1949. Humo nafsi ni moja, imekamilika, na inajitolea kama mfano kwa wengine. Karani wa serikali ya kikoloni anaeleza jinsi alivyojilea mwenyewe kimaadili. Maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni ya nafsi moja, ingawa ni nafsi ya mfanyabiashara anayehesabu safari na pembe. Yav yuko mbali na wote wawili. Amepewa kalamu na chama, na anasema kwa niaba. Nafsi yake ni wingi, na wingi huo haumaanishi unyenyekevu wa kifasihi tu. Chama cha watumishi wa zamani kilikuwa na dai: kwamba mji huo uliinuliwa pia na watu waliopika na kufua, na kwamba miaka mitano baada ya uhuru, na miwili tu baada ya kuzimwa kwa kujitenga kwa Katanga, hakuna aliyekuwa akiwakumbuka. Kwa hiyo Vocabulaire ni tawasifu ya kikundi na ni ombi kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kulalamika kwamba wingi huu unaficha tofauti. Hatuoni ni boyi yupi aliyeiba sukari, yupi aliyemchongea mwenzake. Lalamiko hilo lina msingi, ila mhakiki hana budi kutambua kwamba matini hii haikuahidi kumchora mtu mmoja mmoja.

Fabian aliiita kazi hii historia kutoka chini. Jina hilo lilikuwa na manufaa yake katika miaka ambayo wanahistoria walikuwa wakitafuta sauti za wasiosikika, na bila juhudi yake pasingekuwa na la kujadili. Lakini kuna hasara ndani yake. Kitu kinachoitwa historia kutoka chini huulizwa kwanza kama ni kweli, halafu huulizwa kinathibitisha nini, na swali la jinsi kilivyotungwa husukumwa mwisho. Hali kadhalika, kwa kuwa tahajia ya Yav haifuati kanuni yoyote iliyozoeleka na mipaka ya maneno haitabiriki, wahariri walilazimika kuisoma matini kwa sauti ili kuielewa, na Kalundi Mango ndiye aliyeipa sauti hiyo. Njia hiyo imezaa matunda. Hata hivyo imewaacha wengi na dhana kwamba Vocabulaire ni mazungumzo yaliyoganda kwenye karatasi. Sivyo. Chama kinapomtuma mtu aketi mbele ya taipureta, kirudufu na kusambaza, kimechagua maandishi makusudi, kwa kuwa maandishi ndiyo waliyoyaona yakiheshimiwa katika nyumba walizotumikia. Uandishi wenyewe ni dai la hadhi.

Jamaa na ukumbusho

Yav hakuwa peke yake katika kazi ya kutengeneza ukoo kwa maneno. Mnamo mwaka 1953, karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi walianzisha vuguvugu la kidini lililoitwa Jamaa. Jina lenyewe ni hoja. Watu waliokatiwa jamaa zao kwa mkataba wa kazi walijiita jamaa, wakaitana baba na mama kwa uzazi wa kiroho, na mafundisho yao, yaliyotolewa kwa Kiswahili, yalizunguka maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Neno uzazi, ambalo katika daftari la kampuni lilikuwa idadi, hapa lilikombolewa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wangefaidika kuyachunguza mafundisho hayo kama utanzu, kwa kuwa yana fomula, ngazi na sauti yake. Hadi sasa yameachiwa wanaanthropolojia wa dini.

Mchango mkubwa zaidi kwa nadharia ya kumbukumbu, hata hivyo, umetoka kwa wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian takribani picha 100 zinazosimulia historia ya nchi yake, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga huku akirekodiwa. Mazungumzo hayo yamo katika Remembering the Present, kitabu cha mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Miongoni mwa picha zake imo ya mauaji ya Desemba 1941, pale askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi akauawa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo.

Wachoraji wa Katanga na wateja wao waliokuwa wakitundika picha hizo sebuleni walikuwa na neno la kuzielezea, nalo ni ukumbusho. Hapa Kiswahili kinatoa msaada ambao lugha ya nadharia iliyoagizwa nje haitoi. Kumbukumbu ni mali ya aliyekumbuka. Yaweza kukaa kichwani mwake hadi azikwe nayo. Ukumbusho umetokana na kitenzi cha kusababisha, kukumbusha, na kwa hiyo hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Lazima awepo anayekumbusha na anayekumbushwa. Picha ya askari akimchapa mfungwa kiboko, iliyotundikwa juu ya kochi la mfanyakazi, haikuwa pambo, na wala haikuhitajika na yule aliyechapwa, maana yeye hakuwa amesahau. Ilikuwa ya mtoto aliyeketi kwenye kochi. Tukirudi kwa Yav tukiwa na neno hili mkononi, tunaona kwamba Vocabulaire ni ukumbusho kwa maana hiyo hiyo. Haielekezwi kwa bankambo. Inaelekezwa kwa wajukuu wa mji ambao, mwaka 1965, walikuwa wamezaliwa humo na hawakuwa na kijiji kingine cha kuulizia.

Ikumbukwe pia kwamba waandishi wakubwa waliotokana na miji hii hawakufuata njia hiyo. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 wakati mji huo ukiitwa Jadotville, na aliyefariki mwaka 2025, aliandika kumbukumbu zake kwa Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi aliuchora mji wa migodi katika Tram 83, mwaka 2014, kwa Kifaransa pia. Hakuna la kuwalaumu. Ila matokeo yake ni kwamba Katanga iliyoandikwa kwa Kiswahili ni ya boyi, ya mchoraji, ya waumini wa Jamaa na ya kundi la maigizo la Mufwankolo, na tabaka hilo la watunzi halina mtetezi katika idara za Kifaransa wala katika idara za Kiswahili.

Baba aliyewatelekeza

Swali la nasaba ya mji wa migodi lilikuja kuulizwa kwa ukatili. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Jimbo lenyewe likaitwa Shaba kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 hadi mwaka 1997, na gazeti la kampuni liliitwa Mwana Shaba: mtoto wa madini. Katika miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na uchumi wa nchi kufuata, haikufikisha tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja Bana Shaba waliotelekezwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Sitiari hiyo haikuanzishwa na profesa. Ilikuwa kambini tangu posho ilipogawiwa kwa hesabu ya watoto.

Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, kulikuwa kumetukia jambo zito zaidi. Wanasiasa wa jimbo waliwatangazia watu wenye asili ya Kasai kwamba si wenyeji. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakarundikana kwenye stesheni za reli wakingoja treni, na wengi wakafia njiani. Walikuwa wakirudishwa kwao. Lakini wengi wao walikuwa wajukuu wa watu walioletwa na kampuni, hawakuwahi kuiona Kasai, na lugha waliyoililia ilikuwa Kiswahili. Nasaba ya damu, iliyokuwa imelala chini ya nasaba ya kazi, iliamshwa, na wale ambao Yav angewaita wana wa mji wakaambiwa kwamba bankambo wao hawahesabiki.

Miaka hiyo hiyo inafahamika Uasin Gishu. Mwaka 1992 Burnt Forest, ambayo si mbali na Kesses, iliona nyumba zikichomwa na majirani wakiulizana kwao ni wapi. Swali hilo likarudi mwishoni mwa mwaka 2007, na tarehe 1 Januari 2008 likawateketeza watu waliojihifadhi kanisani Kiambaa. Mlinganisho huu usitumiwe ovyo. Eldoret haikuwa mji wa kampuni moja, na ardhi ya walowezi haikugawiwa kama posho ya kambi. Hata hivyo, katika pande zote mbili mtu aliyezaliwa mahali aliambiwa kwamba kuzaliwa hapo si asili. Fasihi ya Kiswahili ya Kenya imelijadili suala la ardhi mara nyingi. Swali la namna mgeni anavyogeuka mhenga, na nani ana mamlaka ya kuthibitisha mageuzi hayo, limeguswa kijuujuu. Nchi zetu nazo zina miji na vijiji vilivyozaliwa na madini: Rosterman ya Kakamega na mbio za dhahabu za miaka ya 1930, Macalder, Kimwarer na floraspa yake chini ya ukingo wa Bonde la Kerio, na Kilembe ya Uganda iliyochimbwa tangu mwaka 1956 hadi 1982, ambayo shaba yake, baada ya kuyeyushwa Jinja, ilipita kwa reli hapa hapa Eldoret ikielekea Mombasa. Wastaafu wa maeneo hayo wangali hai, wengine wao. Hakuna chama kilichompa mmoja wao taipureta.

Kasoro moja ya Vocabulaire haiwezi kufunikwa. Ni ukoo usio na mama. Kazi ya uboyi katika Elisabethville ilikuwa ya wanaume kwa kiasi kikubwa, na mtunzi amekaa na wanaume hao. Mke aliyepimiwa posho, aliyejifungua katika zahanati ya kampuni na aliyemfundisha mtoto Kiswahili, yaani aliyefanya yale mabadiliko makubwa yaliyotajwa hapo juu, haongei. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioendeshwa na watafiti wa mji huo tangu mwaka 2000 hivi, umejaribu kuziba pengo hilo kwa kuwahoji wanawake, na ripoti zake zingepaswa kusomwa sambamba na Yav. Haitoshi kusema kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Boyi aliyelelea watoto wa wenyewe alijua, kuliko mwanamume mwingine yeyote wa mji ule, kazi ya kulea ni nini.

Tatizo la kuisanifisha

Linabaki suala la vitendo, ambalo huenda ndilo lililosababisha kimya cha wahakiki. Kiswahili cha Yav husema bantu, si watu. Hutumia njo pale sisi tunaposema ndiyo. Upatanisho wa ngeli umepunguzwa, na Kifaransa kimetiwa bila kuombewa radhi. Edgar Polomé aliufafanua mfumo huu tangu mwaka 1968, na baadaye Schicho, na wote wawili wameonyesha kwamba ni mfumo. Lakini katika vyuo vya Kenya mwanafunzi hufunzwa mapema kuuita Kingwana na kuuweka kwenye kapu moja na makosa ya mtihani. Tumekubali Kiamu cha tenzi, chenye maneno ambayo msomaji wa bara hayaelewi hata kidogo, kwa sababu ni cha kale na ni cha pwani. Hatujakubali Kiswahili cha Katanga, ambacho msomaji huyo huyo angekielewa nusu yake bila mwalimu, kwa sababu ni cha wafanyakazi. Kipimo hicho si cha kifasihi.

Wako wanaopendekeza kwamba matini kama hii isanifishwe ndipo iingie darasani. Pendekezo hilo lina nia njema, na kwa matini nyingine lingefaa. Kwa Vocabulaire lingeua jambo lenyewe. Ukiwafanya bantu kuwa watu na bankambo kuwa mababu, umeiondoa alama pekee inayoonyesha kwamba wahenga hawa hawakurithiwa kutoka Pate wala Unguja, bali walitengenezwa mahali fulani, na watu fulani, kati ya tanuri na jiko. Toleo linalohitajika ni lenye matini ya Yav upande mmoja wa ukurasa, kwa tahajia aliyoiandika mwenyewe, na upande wa pili maelezo kwa Kiswahili sanifu. Toleo la mwaka 1990 liliwafafanulia wasomaji wa Kiingereza. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kumfanya msomaji wa Kiswahili aendelee kupitia Kiingereza ili akifikie Kiswahili cha Lubumbashi, na kazi ya kumwondolea safari hiyo ni ya ukubwa wa tasnifu moja ya uzamili.